Sabiha Wawili

Makutupora, Dodoma
3 Juni 2024

Babu Damas,

Shikamoo. Jumamosi nilikupigia simu ukasema, "Niandikie, ya simu yanapeperuka," kisha ukakata. Basi naandika. Barua hii nampa kondakta wa basi la Kondoa, ataiacha dukani kwa Zablon kama kawaida.

Babu, nimepata chuo. Ni Ujerumani, shahada ya uzamili ya kilimo cha mizabibu. Ada hakuna. Si kwamba kuna mtu ananilipia. Chuo ni cha serikali yao na hawatozi ada, awe mwenyeji au mgeni. Wale wakulima wa zabibu waliokuja mwaka jana kutazama mashamba ya huku, nikawatembeza siku nne, wamenidhamini kwa maandishi: nitalala kwao na kula kwao. Niliomba nafasi hiyo Januari. Sikukwambia kwa sababu nilijua utasema nisubiri. Miadi yangu ya viza ubalozini ni tarehe 26 Agosti, na masomo yanaanza tarehe mosi Oktoba.

Kinachokosekana ni pasipoti. Pasipoti inataka namba ya kitambulisho cha taifa, na namba hiyo, kama unavyojua, naingoja tangu nikiwa mwaka wa pili chuoni. Kila nikienda naambiwa "bado inashughulikiwa". Ijumaa niliamua sitoki. Nilikaa kwenye benchi toka saa mbili hadi saa nane, mpaka dada wa dirishani akachoka kuniona. "Wewe si utalala hapa! Hebu njoo." Akanigeuzia kompyuta. Sabiha Seleman, kazaliwa Busi, tarehe ile ile, baba Seleman Khalidi, mama Adija. Namba ilitoka miaka minne iliyopita. Picha si yangu. Ni mwanamke aliyejifunga mtandio, anatazama mbele kama mtu anayedai chake.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Wewe ndiye utuambie," akasema.

Babu, kuna tapeli anatumia jina la marehemu. Nakumbuka vizuri yaliyopita. Nilifeli darasa la saba hapa mjini, ukanichukua, ukaniandikisha shuleni kwako kwa jina la Sabiha ili nirudie mtihani, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amevunjika mguu na kupelekwa kwa shangazi yake Babati. Siku ya kwanza darasani wenzangu waliimba, "Sabiha kapona mguu! Sabiha kapona mguu!" nikalia. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilikuuliza habari zake, ukaniambia alifia huko huko Babati. Vyeti vyangu vyote tangu wakati huo vina jina lake. Nyumbani ni Evodia, kwenye karatasi ni Sabiha, na sikuwahi kumdhuru mtu.

Dada wa dirishani anasema namba ya yule mwingine inaweza kufutwa nikipeleka kiapo changu pamoja na maelezo ya mwalimu mkuu aliyemsomesha Sabiha, akitaja Sabiha ni yupi kati yetu. Mwalimu mkuu huyo ni wewe. Naomba uandike kwamba ni mimi. Ukurasa mmoja tu unatosha.

Mjukuu wako,
Evodia

*

Busi, Kondoa
14 Juni 2024

Mjukuu wangu Evodia,

Marahaba. Barua yako imefika salama. Umeanza kueleza shida yako kabla hujauliza hali yangu, jambo ambalo sikukufundisha. Hali yangu ni njema, isipokuwa goti la kushoto, ambalo baridi ya mwaka huu imelipata. Uwele tumevuna, si mwingi. Paa la kanisa limeezuliwa na upepo upande wa kaskazini, na kamati imekutana mara tatu bila kuamua lolote.

Nimesoma habari za chuo hicho. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na sijawahi kuona mtu akifundisha kitu cha maana pasipo kudai chochote. Watu hao watakuwa wanataka nini kwako? Watakapokwisha kukulisha na kukulaza, utakuwa na uhuru gani wa kuwakatalia neno? Shahada ya uzamili ipo hapa hapa Dodoma. Unaweza kuisoma huku ukiendelea na kazi yako, na kila mwezi wa Desemba ukaja kunitazama.

Kuhusu suala la ofisini, nimelisoma na ninalitafakari. Maandishi hayafanywi kwa haraka.

Babu yako,
Mwl. Damas Gwandi

*

Makutupora
20 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. U hali gani? Goti linaendeleaje? Pole kwa paa la kanisa.

Sasa naomba unijibu. Siku sita baada ya barua yako naona nimeambiwa kila kitu isipokuwa nilichouliza.

Unauliza wanataka nini kwangu. Hawataki kitu, Babu. Nchi yao imeamua kwamba chuo ni kama barabara, kila mtu apite. Wanaokwenda kule si watoto wa mawaziri. Kuna kijana wa Singida anasoma huko mwaka wa pili sasa. Baba yake anachunga mbuzi. Mlango uko wazi, na mimi nimekwama kizingitini kwa sababu ya karatasi.

Na unauliza kwa nini nisisome hapa. Mwaka jana Mama Evelina, jirani yetu wa shamba, alinipeleka kwenye ekari zake tatu. Mizabibu imekauka kuanzia shinani, majani yamekuwa na mistari kama ngozi ya chui milia. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Huu ni ugonjwa gani?" Nilisimama pale na shahada yangu. Niliuliza kila niliyemjua. Aliyejua kidogo alisema ni ugonjwa wa ukungu unaoingilia vidonda vya kupogolea, na kwamba wanaoujua vizuri wako kwenye maabara ya chuo kile. Mama Evelina aling'oa mizabibu yote. Msimu huu kapanda mtama. Hanisalimii tena, na simlaumu.

Wiki ijayo dada wa dirishani anakwenda likizo. Nikimkosa huyu, nitaanza upya na mwingine. Andika, Babu. Najua maneno yale si kweli tupu, lakini aliyekufa hayamwumizi.

Kwa kuwa hukunijibu, nimechukua hatua. Nimemwandikia huyo tapeli barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji cha Busi. Nimempa wiki mbili arudishe namba ya watu, la sivyo nampeleka polisi.

Evodia

*

Busi
29 Juni 2024

Evodia,

Usimwandikie mtu huyo. Kama umekwisha kumwandikia, usimwandikie tena, na akikujibu usiisome barua yake. Nitumie mimi ikiwa haijafunguliwa.

Nitakueleza kwa nini. Naomba muda.

Babu

*

Busi
7 Julai 2024

Kwa Sabiha,
kutoka kwa Sabiha.

Habari za huko. Mtendaji alinisomea barua yako mbele ya watu wanne, ndipo akanipa nikaisoma mwenyewe. Najua kusoma. Naandika kwa mkono wangu pia, samahani kwa karatasi, ni ya daftari la mwanangu Munira.

Umeniita tapeli mara tano. Nimehesabu. Umesema natumia jina la maiti. Watu walicheka mpaka mtendaji akafuta machozi. Mmoja akaniambia, "Kumbe wewe ni mzimu, ndiyo maana hukui!" Tangu siku hiyo hapa mashineni wananiita Marehemu. "Marehemu, leta gunia! Marehemu, mashudu yamejaa!" Nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, kama hujui.

Mimi sijafa. Nilianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe mwezi wa pili nikiwa darasa la saba, mwaka 2013. Nilikaa Babati kwa shangazi miezi kumi. Mguu ukapona, ila mmoja ni mfupi kidogo. Januari nikarudi. Mama alininunulia daftari jipya. Nikaenda shuleni na magongo yangu, nikasimama mlangoni mwa darasa la saba, nikamwambia babu yako shikamoo mwalimu, nimekuja kurudia. Alikuwa anaandika ubaoni. Hakugeuka. Akasema, "Sabiha Seleman amefaulu, amekwenda sekondari. Nafasi yako imejaa." Watoto wakacheka, na mimi nikacheka, nikidhani ni mzaha wa mwalimu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Baba yangu alijua. Alikuwa ameitwa ofisini nikiwa Babati. Mwalimu alimwambia mtoto mwenye mguu kama ule hawezi tena kutembea kwenda shule, basi jina lake limsaidie mwenzake. Baba akajibu ndiyo mwalimu. Baba alikuwa mtu wa kusema ndiyo mwalimu. Amefariki mwaka juzi na sikuwahi kumwuliza sawasawa.

Mwaka huu walitangaza nafasi za wahudumu wa afya wa kijiji. Wanataka cheti cha darasa la saba. Nilikwenda shuleni kuomba. Mwalimu wa sasa akafungua kitabu, akanitazama, akaniambia, "Mama, wewe hapa unaonekana umefaulu vizuri sana. Umerudi kutafuta nini?"

Kwa hiyo nipeleke polisi. Nitafurahi kwenda. Nitapata wa kumweleza.

Sabiha Seleman Khalidi

*

Makutupora
12 Julai 2024

Mwalimu,

Barua imefika kwangu na nimeisoma. Sikuituma kwako.

Sasa nimeelewa likizo. Miaka sita ya sekondari, kila shule ikifungwa, ulinipeleka kwa shangazi Dodoma. Nilidhani unanihurumia safari. Kumbe hukutaka nipite mbele ya mashine ya alizeti nikutane na jina langu linabeba magunia.

Ulinipiga viboko vitatu nilipokuja likizo nikiwa na miaka kumi kwa sababu nilisema nimekula kumbe sijala. Ulisema mdomo unaodanganya kuhusu ugali utadanganya kuhusu kila kitu. Mimi nikaamini. Nimeishi nikiamini kwamba mimi ndiye mwongo wa familia na wewe ndiye mtu mmoja asiyeweza.

Nimekaa siku tatu sijui la kufanya. Nimekwenda kazini, nimepima vichala vya zabibu, nimerudi. Leo nataka kukuandikia jambo ambalo litanifanya nisijitazame kwenye kioo, lakini naliandika.

Bado nataka hiyo karatasi.

Umeniweka ndani ya jina la mtu nikiwa mtoto. Sikuchagua. Nimelisomea jina hilo miaka kumi, nimelifaulia mitihani mitatu mikubwa, nimepata nalo shahada. Kila kilicho kizuri katika jina hilo nimekiweka mimi. Yeye ataishi Busi namba ikiwepo au isiwepo. Mimi bila namba nimekwisha. Nikisema ukweli, vyeti vyangu si vyangu na nimerudi kuwa mtoto aliyefeli darasa la saba. Umeutengeneza wewe mtego huu. Nitoe wewe.

Miadi yangu na dada wa dirishani, akishatoka likizo, ni Jumatatu, tarehe 19 Agosti. Wiki moja tu baadaye ni ubalozi.

Evodia

*

Busi
25 Julai 2024

Evodia,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Hii naipeleka kama ilivyo.

Mwaka 2012 nilisafiri hadi Dodoma kutazama matokeo yako ubaoni. Nilisoma orodha ya waliofaulu toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu. Baba yako alikuwa amekwenda machimboni na hakupokea simu. Mwalimu mmoja niliyemfundisha mimi mwenyewe alinijia akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamjibu kwamba napita tu. Tangu siku hiyo sikuweza kulala vizuri. Watoto mia mbili wa wakulima walifaulu mikononi mwangu, na damu yangu haikufaulu.

Walimu wengine walikuwa wakifanya jambo hilo. Kila mwaka mtoto fulani anaacha shule, na kila mwaka mtoto fulani anahitaji kurudia. Nilikuwa nikiwakemea. Nilipoifikia zamu yangu, niliona kwamba kwangu mimi ina sababu.

Seleman nilimwita ofisini asubuhi. Alisimama. Kiti kilikuwepo na sikumwambia aketi. Sikumwomba, nilimweleza kama mtu anayetoa taarifa. Naamini kama ningemwomba angekataa.

Nilidhani binti yake hatarudi. Aliporudi, alisimama mlangoni na daftari jipya, na kweli sikugeuka. Nilikuwa nikiandika hesabu ya sehemu ubaoni na nikaendelea kuiandika. Darasa lilinakili. Hesabu ile ilikuwa na kosa, na hakuna mwanafunzi aliyeniambia.

Wewe ulipouliza, nilisema amekufa ili usiulize tena.

Miaka kumi sasa nakutana naye njiani. Kila siku ananiamkia, "Shikamoo mwalimu," wala hakosi hata siku moja. Nimewahi kubadili njia. Naye akabadili.

Siwezi kuandika kwamba yeye si yeye. Niombe jambo jingine lolote.

Damas Gwandi

*

Busi
6 Agosti 2024

Kwa Evodia,

Nakuita hivyo kwa kuwa ndivyo ulivyojitambulisha ulipokuja Jumapili.

Nilikuwa sijui utakuja. Nilikuona unashuka kwenye pikipiki, umevaa miwani, ukamwuliza mwendesha mashine, "Namtafuta Sabiha." Akakujibu, "Marehemu yule pale, anafagia." Nikaona uso wako umebadilika. Nilitaka kucheka ila nikakuonea huruma, halafu nikajikasirikia kwa nini nakuonea huruma.

Ulikaa juu ya gunia. Ulikuwa umekuja na maneno yako tayari, nilikuona unayatafuta. Halafu ukaniuliza mguu unauma wakati wa baridi? Nikasema unauma. Hukuniomba ulichokuja kuomba. Ulitoa cheti cha darasa la saba kwenye mkoba ukaniambia, "Chukua, ni chako," ukapanda pikipiki ukaondoka. Kwa babu yako hukupita. Watu walikuona, na yeye alijua kabla jua halijazama.

Cheti nimekaa nacho siku mbili. Jina ni langu, lakini alama si zangu. Mimi hesabu sikuwa najua kiasi kile. Kiswahili ndiyo, nilikuwa nawashinda wote, hata ungekuwepo ningekushinda. Nikikitumia nitakuwa nafanya kama mlivyofanya nyie. Nakirudisha ndani ya barua hii. Nilitaka kufanya mtihani wangu mwenyewe, nikafaulu au nikafeli nikiwa mimi.

Ukitaka kwenda Ulaya, nenda. Sitakuja ofisini kukuzuia, sina nauli ya mambo hayo wala muda. Lakini wakinipigia simu wakaniuliza jina langu, nitawatajia.

Munira anakusalimu. Ameuliza kama na wewe mguu wako ni mfupi.

Sabiha

*

Busi
15 Agosti 2024

Mjukuu wangu,

Ulikuja Busi na hukupita nyumbani. Nilikaa barazani hadi saa moja na nusu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba umeonekana, nikamwagiza jirani achinje kuku. Kuku tumemla wawili, mimi na yeye.

Nina umri wa miaka sabini. Sitafika Ulaya wala sitafika mbali. Nimefikiri kwamba mtu aliyekwisha kuharibu mara moja hatakuwa msafi kwa kukataa mara ya pili, na kwamba kukataa kwangu kunamwadhibu yule asiye na kosa. Binti wa Seleman nilimnyang'anya zamani. Wewe ninakunyang'anya sasa. Mmoja naweza kumrudishia.

Katika bahasha hii kuna bahasha nyingine, iliyofungwa. Ndani yake ni maelezo uliyoyataka, ukurasa mmoja, yenye sahihi yangu na muhuri wa zamani wa ualimu ambao sikuwahi kuurudisha. Nimeandika kwamba Sabiha Seleman niliyemfundisha ni wewe, na kwamba yule mwingine simfahamu.

Leo asubuhi nilipotoka kumpa kondakta barua hii nilikutana naye. Ameniamkia. Sikuweza kuitikia.

Usafiri salama. Ukifika, niandikie, uanze kwa kuuliza hali.

Babu yako,
Damas

*

Dodoma
9 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo. U hali gani? Najua u mzima kwa sababu Zablon kaniambia, na kaniambia pia kwamba polisi walikuja kwako na gari, wakakuhoji kwa adabu, wakakuacha. Nilichelewa kuandika. Sikuwa na neno la kukwambia ambalo lingeweza kukaa kwenye karatasi.

Sikwenda. Masomo yalianza wiki iliyopita na mimi niko Dodoma.

Jumatatu ile nilifika ofisini saa moja asubuhi, nikiwa na bahasha yako kwenye mkoba na kiapo changu mkononi. Nilikuwa nimeamua kuitumia. Nataka ujue hilo, usije ukanisifu. Nililala nimeamua na nikaamka nimeamua. Dada wa dirishani alinichangamkia: "Mwanamke wa benchi! Umekuja na karatasi zako leo?" Nikasema ninazo. Akachukua jalada jipya, akashika kalamu, akauliza kama wanavyouliza kila mtu, hata hakunitazama: "Jina kamili?"

Nikasema Evodia Castory Gwandi.

Sijui kwa nini. Si wema, Babu. Nilikuwa na hasira: na wewe, na Seleman ambaye simjui, na Sabiha aliyenirudishia cheti ambacho ningekuwa mimi ningekishika kwa mikono miwili. Kila mtu amekwisha kufanya lake juu ya jina lile, na mimi peke yangu ndiye ninayelitegemea. Nilichoka nalo ghafla, kama mtu anayevua kiatu kinachobana katikati ya barabara bila kujua atatembeaje.

Dada akaacha kuandika. "Evodia ni nani tena?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza, watu nyuma yangu wakilalamika foleni haisogei. Nilipomaliza akafunga kalamu yake. "Dada, unajua unachokifanya?" Nikasema sijui. "Ungeninyamazia tu," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nakupa leo leo."

Bahasha yako sikuitoa. Ninayo, haijafunguliwa, na haitafunguliwa. Lakini katika maelezo yangu nilitaja jina lako, mwaka, na shule. Nisingeweza kusema nusu. Ndiyo maana walikuja. Watakuja tena. Ukiulizwa, sema kama ulivyoniandikia tarehe 25 Julai, ikiwa ni pamoja na kile kiti.

Ubalozi niliufutia miadi kwa simu. Chuo nilikiandikia barua pepe kwamba aliyeomba nafasi si Sabiha Seleman. Walinijibu baada ya siku moja, kwa heshima: nafasi imetolewa kwa mwenye vyeti, hawawezi kunipa mimi, nikipata vyeti vya jina langu niombe tena, mlango haujafungwa na ada bado haitakuwepo. Niliisoma nikacheka peke yangu. Kitu kisicho na bei, na mimi nimeshindwa kukimudu. Wale wakulima wameandika kwamba chumba kitaningoja. Hawajui kitangoja kiasi gani. Nimepiga hesabu: mtihani wa maarifa, kidato cha nne, cha sita, kisha shahada ile ile niliyokwisha kuisoma. Nitakuwa na miaka thelathini na miwili, kama sitafeli. Kazi Makutupora nimesimamishwa mpaka suala la vyeti liishe. Mama Evelina alinikuta nakusanya vitu vyangu. Akanisaidia kubeba boksi moja.

Sabiha aliitwa Dodoma kuthibitishwa alama za vidole. Tulikutana kwenye benchi lile lile. Amefuatilia shuleni, wamemwambia rekodi ya 2013 itafutwa na anaweza kufanya mtihani kama mtu mzima. Nikamwambia basi tutakuwa darasa moja. Akasema, "Kaa mbali na mimi. Usije ukanakili hata hapo." Sikujua kama ni mzaha. Akanigawia muhogo wa kuchoma nusu.

Jana nilikwenda kujiandikisha kwenye kituo cha elimu ya watu wazima. Mwalimu pale ni mwanamke mpole sana, ana sauti ya kumbembeleza mtoto. Akaniuliza, "Mama, uliishia darasa la ngapi?" Nikasema la saba. "Ulifaulu?" Nikasema hapana. Akanishika mkono. "Usione aibu. Wengi wanakuja hapa hawajui hata kushika kalamu, na taratibu wanajua." Akanisogezea kidau cha wino niweke dole gumba mahali pa sahihi.

Nikamwambia naweza kusaini. Nikaandika jina langu. Sikuwahi kulisaini maisha yangu yote, Babu; herufi zilipinda, nikasita katikati, nikamalizia nje ya mstari.

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Umejitahidi, mama," akasema.

Evodia Castory Gwandi